Wakulima Waliovishwa Deraya: Uasi wa 1381 katika Picha za Vitabu vya Mkono

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mliofunga maduka mapema ili mje, na nyinyi wanafunzi mliojaza viti vya mbele, nawashukuru.

Kabla sijaanza, naomba muitazame picha iliyo ukutani. Tulieni nayo kidogo. Yaacheni kwanza maelezo niliyoandika chini yake, tazameni watu.

Kijana mmoja hapa mbele ameniambia anaona jeshi. Nimemuuliza jeshi la nani, akajibu la mfalme, kwa sababu ameiona bendera ya mfalme. Amesoma vizuri. Wanaume wamejipanga safu kwa safu, wamevaa deraya za chuma, chapeo zinang'aa, mikuki na pinde wanazo. Bendera moja ina msalaba mwekundu wa Mtakatifu George, nyingine ina nembo ya wafalme wa Uingereza. Katikati yupo mtu juu ya farasi anayewahutubia. Majina mawili yameandikwa humo humo ndani ya picha ili asiwepo wa kukosea: Jehan Balle, ndiye padri John Ball, yule wa juu ya farasi, na Waultre le Tieulier, ndiye Wat Tyler. Hilo neno *tieulier* ni Kifaransa cha zamani, maana yake fundi wa kuezeka vigae. Jina la huyu bwana lilikuwa ni kazi yake. Mtu wa kupanda mapaa na kushuka jioni na vumbi la udongo wa kuchomwa, lakini hapa kavikwa chuma kama mtoto wa ukoo mkubwa.

Na hao waliopanga safu nyuma yake ni wakulima wa Kent na Essex, mikoa iliyo jirani na London, mwaka 1381. Jioni ya leo nataka tukae juu ya swali moja tu: nani aliwavisha deraya, na alitaka nini?

Picha imo ndani ya kitabu kikubwa cha ngozi kinachotunzwa British Library, London, chenye alama Royal 18 E I. Maneno yake ni ya Jean Froissart, mwandishi wa habari za nyakati aliyezaliwa Valenciennes na kuishi miaka kadhaa Uingereza katika nyumba ya Malkia Philippa, mke wa Edward wa Tatu. Malkia alifariki 1369, naye Froissart akarudi kwao. Wakulima walipoingia London yeye alikuwa ng'ambo ya bahari, paroko wa Les Estinnes. Habari aliletewa na watu, na watu aliozoea kukaa nao ni wapiganaji wa farasi na wenye makasri. Mchoraji yuko mbali zaidi. Kitabu kilitengenezwa Bruges, katika nchi ya Flanders, kati ya miaka ya 1460 na 1480 hivi. Hesabuni wenyewe. Aliyeshika brashi hakumwona Wat Tyler, wala hakumjua aliyemwona.

Mwenye kitabu alikuwa William Hastings, rafiki wa karibu wa Mfalme Edward wa Nne. Nembo yake imo kurasani. Huyu uasi aliujua kwa ngozi yake mwenyewe, ingawa ulikuwa uasi wa mabwana kwa mabwana. Mwaka 1470 yeye na mfalme wake walikimbia nchi, wakapokewa Bruges na Louis wa Gruuthuse, tajiri mpenda vitabu, ambaye naye alikuwa na Froissart wake mwenye picha zaidi ya mia. Hiyo leo iko Paris. Basi tukitazama picha hizi tukumbuke zilichorwa kwa ajili ya macho ya nani. Mkulima hakuwahi kukifungua kitabu hiki. Gharama ya ngozi za ndama, dhahabu ya kupakwa na mikono ya mafundi ilikuwa nje kabisa ya uwezo wa mkulima aliyemfuata Tyler au Ball.

Sasa turudi shambani, maana bila shamba picha haisomeki.

Tauni ilipiga Uingereza mwaka 1348 na 1349, ikazika kati ya theluthi na nusu ya watu. Waliobaki walijikuta mikono yao inatafutwa. Mtu aliyekuwa akilipwa kidogo akaanza kutaja bei. Mabwana wakajibu kwa sheria: amri ya 1349, kisha sheria ya 1351, zikisema ujira urudi ulivyokuwa kabla ya tauni, na anayekataa kufanya kazi kwa ujira huo afungwe. Juu ya hayo walikuwepo watwana, yaani wakulima waliofungwa na ardhi ya bwana: huondoki bila ruhusa, humwozi binti yako bila kulipa, na ukifa bwana anachukua mnyama wako bora zizini. Vyote hivyo viliandikwa. Kila nyumba ya bwana ilikuwa na hati za baraza lake, zimekunjwa, zimehifadhiwa, na karani wa kuzisoma. Hati hizo tutazirudia baadaye, msizisahau.

Halafu ikaja kodi ya kichwa. Neno hili halihitaji kufafanuliwa katika ukumbi wenye wazee kama hawa. Babu zetu walitunza risiti zake kwenye makopo ya bati wasikamatwe njiani. Uingereza ilitozwa mara tatu ili kulipia vita vya Ufaransa. Mwaka 1377 ilikuwa peni 4 kwa kila mtu aliyezidi miaka 14. Mwaka 1379 ilipangwa kwa madaraja. Ile ya tatu, iliyopitishwa mwishoni mwa 1380, ilidai peni 12 kwa kila aliyezidi miaka 15, mwanamume na mwanamke. Peni 12 za wakati ule ndiyo shilingi moja. Sheria ilisema kwamba wenye nguvu wawasaidie wanyonge katika kijiji kimoja. Lakini kijiji kisicho na tajiri je? Huko hakuna wa kumsaidia mwenzake, kila mmoja alibeba yake nzima. Watu wakafanya walichoweza: wakajificha. Mwaka 1377 walihesabiwa walipa kodi karibu milioni 1.35, mwaka 1381 orodha zilirudi na watu chini ya laki tisa. Wajane, dada na mabinti wasioolewa walitoweka kwenye orodha kana kwamba tauni imerudi. Serikali ikatuma watu wa kuwatafuta.

Tarehe 30 Mei 1381, mjini Brentwood huko Essex, watu wa Fobbing na vijiji jirani walimkatalia mjumbe wa serikali, John Bampton. Wiki mbili haziku­isha, moto umeshafika London. Watu wa Kent waliingia Canterbury tarehe 10 Juni, wakapiga kambi Blackheath tarehe 12, na tarehe 13, siku ya sikukuu ya Ekaristi, wakaingia jijini. Wakachoma kasri la Savoy la John wa Gaunt, ami yake mfalme.

Na ndiyo hapo Blackheath ambapo Ball anasemekana kuhubiri lile neno alilotuandikia mtawa Thomas Walsingham: Adamu alipolima na Hawa aliposokota uzi, bwana mkubwa alikuwa nani? Froissart naye ameandika hotuba ndefu ya Ball, na naipenda kwa sababu ndani yake kuna chakula na nguo. Wao wanavaa mahameli na manyoya, sisi nguo duni. Wao wana mvinyo, viungo na mkate mzuri, sisi tuna makapi, na maji ya kunywa. Wao wana nyumba za fahari, sisi tuna jasho na mvua na upepo wa mashambani. Froissart ananukuu maneno haya ili kuwaonya mabwana kuhusu padri mwendawazimu. Kalamu yake ikamshinda. Ukisoma hotuba ile leo, ni Ball unayemsikia, Froissart humsikii.

Sasa deraya.

Wenzangu wengine husema mchoraji hakujua. Bruges kulikuwa na mtindo mmoja wa kuchora kundi lenye silaha, basi akachora kama alivyochora vita vingine vyote kitabuni. Ni kweli kiasi. Tena ni kweli kwamba pinde zilikuwepo, kwa maana sheria ya 1285 iliwataka wanaume wawe na silaha nyumbani kwa uwezo wao, na baadhi ya watu wa Kent walikuwa wameshapigana Ufaransa. Hayo nayakubali.

Lakini sikilizeni jinsi Walsingham, mtawa wa St Albans aliyewachukia kupita kiasi, alivyozieleza silaha zao. Anasema wengine walikuwa na fimbo tu, wengine panga zilizoliwa na kutu, wengine mashoka. Pinde zilikuwa zimekuwa nyekundu kwa uzee na moshi kuliko pembe za ndovu za kale. Mishale mingi ilikuwa na unyoya mmoja. Alikuwa anawacheka. Nami kila nikifika kwenye huo unyoya mmoja husimama, kwa kuwa hapo namwona baba wa watu akiushusha upinde juu ya meko, mahali ulipofukizwa miaka, akitafuta mishale akaipata mitatu, akatoka nayo hivyo hivyo.

Mtu huyu hayumo pichani. Na mimi nadhani asingeweza kuwemo. Mwenye kitabu alitakiwa kuona mfalme mdogo wa miaka 14, Richard wa Pili, akisimama peke yake mbele ya hatari. Ukiweka mbele ya mfalme jeshi la chuma, Richard ni shujaa. Ukiweka mbele yake mtu wa unyoya mmoja, aliyekuja kuomba asiitwe mtwana tena, swali linageuka: mfalme alimjibu nini, na je, alitimiza? Deraya zile zilichorwa miilini mwa wakulima, lakini zinamkinga mfalme.

Tufungue ukurasa mwingine wa kitabu hicho hicho. Tarehe 14 Juni mfalme alikutana na wakulima Mile End, akakubali utwana ukome. Froissart anasema makarani zaidi ya 30 waliwekwa kuandika hati siku ile ile, zikapigwa mhuri, watu wakaanza kurudi makwao wamezikumbatia. Wakati huo huo kundi jingine liliingia katika Ngome ya London, likawatoa Simon Sudbury, Askofu Mkuu wa Canterbury na Chansela wa nchi, na Robert Hales, Mtunza Hazina, wakakatwa vichwa. Hilo mchoraji amelichora, na sitalifunika. Siku hiyo waliuawa pia Waflemi, wafanyakazi na wafanyabiashara wa kutoka Flanders. Kadiri ya 35 walitolewa kanisani wakachinjwa. Wengi wao hawakuwa na kosa lolote isipokuwa lafudhi. Anayependa watu wa 1381, nami ni mmoja wao, sharti aibebe damu hiyo pamoja nao.

Kuhusu ukurasa wa Ngome nina neno moja tu. Hastings, ambaye macho yake yalipita juu ya picha hii ya vichwa kukatwa, alikamatwa katika Ngome hiyo hiyo tarehe 13 Juni 1483 akakatwa kichwa bila kesi, kwa amri ya yule aliyekuja kuwa Richard wa Tatu. Ilibaki siku moja itimie miaka 102 tangu kifo cha Sudbury.

Picha ya tatu ndiyo mashuhuri kuliko zote, mtaiona katika vitabu vingi vya shule. Smithfield, tarehe 15 Juni. Upande wa kushoto, Meya wa London, William Walworth, anainua upanga juu ya Wat Tyler, na mfalme yupo anatazama. Upande wa kulia mfalme yupo tena, mtu yule yule, sasa amegeukia safu za wakulima wenye deraya na pinde anazungumza nao. Wafalme wawili katika fremu moja. Wachoraji wa zama zile walizoea kusimulia hivyo, nyakati mbili juu ya ngozi moja, na msomaji wao alielewa. Sina ugomvi na ufundi huo, ni ufundi mzuri.

Ugomvi wangu ni juu ya ile nafasi kati ya Richard wa kushoto na Richard wa kulia. Ni upana wa kidole. Katika upana huo Tyler ameanguka, na mfalme amewaambia watu kwamba yeye ndiye kiongozi wao, wamfuate. Wakamfuata! Walimwamini kwa sababu walikuwa na hati yake ya jana, yenye mhuri. Kisha picha imekwisha. Hakuna ukurasa wa tarehe 2 Julai, siku hati zote zilipofutwa. Hakuna ukurasa wa wajumbe wa Essex waliomwendea mfalme kumuuliza juu ya ahadi, ambao kwa maelezo ya Walsingham waliambiwa kwamba watwana walikuwa na watwana watabaki, na katika hali ngumu kuliko ya kwanza. Kitabu chenye dhahabu ya kutosha kuchora mfalme mara mbili katika picha moja hakikupata rangi ya kuchora ahadi ikivunjwa.

Niliwaambia msizisahau hati za mabaraza. Popote uasi ulipofika, watu walizitafuta wakazichoma. Cambridge walizirundika sokoni hati za chuo, na mwanamke mzee aitwaye Margery Starre alirusha majivu hewani akipaza sauti kwamba elimu ya makarani iondoke, iondoke! Nimewahi kusikia tukio hilo likitajwa kama ushahidi wa ujinga wa wakulima, na inaniuma. Mama yule alijua vizuri maandishi ni nini. Ndiyo yaliyosema bibi yake alikuwa mali ya nani.

Wala hawakuchukia maandishi yote. Kulikuwa na barua fupi fupi zilizopita mikononi mwa waasi kwa Kiingereza cha vijijini, zimebaki kwa sababu Walsingham na Henry Knighton wa Leicester walizinakili kama ushahidi wa hatia. Moja inazungumza kwa jina la Jack Msagaji. Anaomba msaada kinu chake kigeuke sawasawa. Amesaga laini, laini. Mwana wa mfalme wa mbinguni atalipia vyote. Kisha inasema nguvu iisaidie haki, na akili itangulie matakwa. Ukiisoma kwa sauti ina mapigo kama ya wimbo wa kazi. Hiyo ndiyo sauti yao wenyewe, na haina deraya.

Kwa nini kinu? Nitaeleza, na hapo nitaishia.

Kule St Albans abasia, yaani nyumba kubwa ya watawa inayoongozwa na abate, ilimiliki vinu. Aliyetaka kusaga nafaka sharti aipeleke kwenye kinu cha abate na alipie. Watu walikuwa na mawe yao ya mkono nyumbani, wakisaga kimya kimya. Miongo kadhaa kabla ya 1381 abate mmoja, Richard, aliwashinda kwa sheria, akayakusanya mawe yale nyumba kwa nyumba, akatandika nayo sakafu ya chumba cha mazungumzo cha watawa. Kila mtawa aliyepita alikanyaga ushindi wa abasia. Mliolelewa na bibi mwenye jiwe la kusagia mnajua jiwe lile ni nini ndani ya nyumba: haligawiwi ovyo, haliachwi nyuma familia inapohama, na bonde lake limechimbwa na mikono unayoijua.

Juni 1381 watu wa mji, wakiongozwa na William Grindecobbe, waliingia abasiani. Walitaka hati zao, na walipofika kwenye kile chumba waling'oa mawe sakafuni, wakayavunja vipande, wakagawana. Walsingham, ambaye ile ilikuwa nyumba yake, anasema waligawana kama watu wanavyogawana mkate uliobarikiwa kanisani siku ya Jumapili, ili kila mmoja apeleke kipande nyumbani. Hapo alikusudia kuwashtaki kwa kufuru.

Grindecobbe alikamatwa, kisha akaachiwa kwa dhamana aende awashawishi wenzake warudishe hati walizopata kwa abate. Akawaambia wasirudishe, yeye akifa atafurahi kufa kwa ajili ya uhuru wao. Alinyongwa. John Ball naye aliuawa St Albans, tarehe 15 Julai, mfalme akiwepo.

Nimewatazamia picha tatu jioni hii, zote za mabwana. Ya sakafu ya St Albans sijapata kuiona katika kitabu chochote cha zama zile. Wanafunzi wa sanaa, meza zile za nyuma zina karatasi, mkaa na rangi, na mwalimu wenu amekubali ukumbi ubaki wazi mpaka saa mbili usiku. Anzeni na jiwe, na mwenye kupenda achore mikono pia. Anayetaka kujua lilikuwa na umbo gani aje aniulize, mimi nitakuwa hapo hapo mezani.